Goti Linalouma: Jinsi Madaktari Walivyoacha Kulilaza Kitandani

[Muziki wa kipindi, kisha unapungua]

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tutazungumza juu ya goti linalouma. Lakini leo sitaanza na dawa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa nimemaliza diploma juzi tu, nilimtembelea shosho mmoja nyumbani kwake. Goti lake la kulia lilikuwa linamuuma, hasa asubuhi na wakati wa kuteremka mlima. Hata hivyo alikuwa bado analima bustani yake, anachota maji, na kila Jumapili anapanda kilima kwenda kanisani. Nilimwangalia goti, nikampa dawa ya maumivu, kisha nikamwambia, "Shosho, goti hili limechoka. Pumzika. Usipande kilima tena." Mke wa mwanawe alifurahi, akaahidi kwamba kazi zote atazifanya yeye.

Niliporudi baada ya miezi minne nilimkuta shosho kwenye kiti kile kile. Paja lake la kulia lilikuwa limekonda kuliko la kushoto. Hakuweza kuinuka bila kuvutwa mikono. Kwenda chooni alishikwa na watu wawili, na kwa sababu ya aibu alikuwa ameanza kunywa maji kidogo ili asiende mara nyingi. Na goti lilikuwa bado linauma. Alinitazama akasema, "Sista, ulisema nisitembee. Mimi nimetii."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Yalinifanya nijiulize: ushauri ule nilioutoa kwa ujasiri ulitoka wapi? Nani alisema kwanza kwamba goti linalouma lipumzishwe? Nilipotafuta jibu nilikuta historia ndefu, na ndiyo nataka tuisikie pamoja leo.

Kwanza, ugonjwa wenyewe

Tuelewane kwanza. Watu wengi huita maumivu yote ya viungo baridi yabisi. Lakini yako magonjwa mengi ya viungo, na linalowapata wazee wengi gotini ni lile la gegedu kuchakaa. Gegedu ni ile tabaka laini na ya utelezi inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Wengi wetu tumeiona tukila mguu wa kuku: ile sehemu nyeupe inayong'aa mwishoni mwa mfupa.

Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika maji yaliyomo ndani ya kiungo. Mtu anapokanyaga, gegedu hubanwa kama sifongo na kutoa maji. Anapoinua mguu, huyafyonza tena. Kwa hiyo kutembea ni njia ya kulilisha goti. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi nao, na kwa watu milioni 365 kati yao ulikuwa gotini. Kati ya wagonjwa 100, karibu 60 ni wanawake. Ndiyo maana nazungumza nanyi akina mama.

Wakati wa kupumzisha kila kitu

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 150, hadi nchini Uingereza. Kati ya mwaka 1860 na 1862 daktari mpasuaji wa London aitwaye John Hilton alitoa mihadhara juu ya maumivu na mapumziko, na mwaka 1863 mihadhara hiyo ikachapishwa kuwa kitabu. Alifundisha kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, na kwamba kazi ya daktari ni kuupa utulivu ili ufanye hivyo. Kitabu chake kilisomwa na madaktari kwa miaka mingi sana.

Katika mji wa Liverpool alikuwapo daktari mwingine, Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Aliwatibu maskini wa bandarini. Yeye alisisitiza kwamba kiungo kigonjwa kipumzishwe kabisa, bila kukatizwa, kwa muda mrefu. Alitengeneza gango la chuma la kuushika mguu usitikisike, na katika vita vya 1914 hadi 1918 gango hilo liliokoa maisha ya askari wengi waliovunjika mfupa wa paja.

Msiwacheke wazee hawa, wasikilizaji. Walikuwa na sababu. Wakati ule magoti mengi waliyoyaona yalikuwa na kifua kikuu cha mifupa, au yalikuwa yamevunjika, au yamejaa usaha. Dawa za kuua vijidudu hivyo hazikuwapo. Kulituliza goti la namna hiyo kulikuwa jambo la busara.

Shida ilikuwa kwamba ushauri uliomfaa mgonjwa mmoja ulipewa wagonjwa wote. Goti la kijana lenye kifua kikuu na goti la nyanya lenye gegedu iliyochakaa yakaandikiwa dawa moja: lala. Ushauri huo ukapita kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, kutoka hospitali kubwa hadi zahanati, kutoka nchi hadi nchi, mpaka ukafika kinywani mwangu mbele ya yule shosho.

Wauguzi na vita

Waliosaidia kuleta njia nyingine hawakuwa madaktari peke yao. Mwaka 1894, huko London, wanawake wanne waliokuwa wauguzi waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Walitaka kazi ya kukanda na kunyoosha viungo iheshimiwe, iwe na mafunzo na mitihani. Chama hicho kilikua, na mwaka 1944 kikaitwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia, jina linalotumika hata leo. Mimi kama muuguzi hujisikia vizuri kila ninapolisimulia hilo.

Kisha vikaja vita viwili vikubwa vya dunia. Vita huleta hasara nyingi, lakini pia vilijaza hospitali vijana ambao vidonda vyao vilipona huku miili yao ikiwa dhaifu. Nchi zikajiuliza: tumeokoa maisha yake, sasa atarudije nyumbani kufanya kazi? Katika swali hilo ndimo ilimokulia tiba tunayoiita utengamao. Utengamao maana yake ni kumsaidia mtu arudishe uwezo wa kufanya mambo yake: kutembea, kujiosha, kupika, kufanya kazi.

Huko Marekani, Frank Krusen aliugua kifua kikuu akiwa daktari kijana. Kule alikolazwa aliona jinsi wagonjwa wanavyopona kifua lakini wanabaki wamelegea kwa sababu ya kulala muda mrefu. Akaamua maisha yake yote kuyatoa kwa tiba hiyo ya kurudisha nguvu. Mwaka 1947 tiba ya utengamao ikatambuliwa rasmi nchini mwake kuwa taaluma kamili ya udaktari.

Lakini kwa upande wa goti, mtu wa kukumbukwa ni Thomas DeLorme. Alipokuwa kijana aliugua ugonjwa ulioathiri moyo, akalazwa muda mrefu, na baadaye akajirudishia nguvu kwa kunyanyua vyuma. Wakati wa vita vya pili alikuwa daktari wa jeshi mjini Chicago. Hospitali ilikuwa imejaa askari wenye magoti yaliyoumia, na wengi walikaa wodini muda mrefu huku misuli ya mapaja ikiyeyuka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi sana, kurudia mara nyingi. DeLorme akafanya kinyume. Aliwafunga kiatu cha chuma mguuni, wakainua uzito mkubwa mara chache, na kila wiki uzito ukaongezwa. Misuli ya mbele ya paja ikarudi, na askari wakatembea. Mwaka 1945 aliandika matokeo hayo katika jarida la madaktari wa mifupa.

Miaka miwili baadaye, Desemba 1947, daktari wa London aitwaye Richard Asher aliandika makala katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu hatari za kumlaza mgonjwa kitandani. Alieleza kiungo kwa kiungo jinsi kulala kunavyoharibu: damu huganda miguuni, ngozi hupata vidonda, viungo hukakamaa, misuli hupotea. Kile kitanda kilichoaminiwa kuwa dawa sasa kilianza kushitakiwa.

[Muziki kidogo]

Nyanya anasahauliwa

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo nyanya mwenye goti linalouma naye angeanza kufanyishwa mazoezi. Haikuwa hivyo. Mazoezi yalikuwa ya askari vijana. Nyanya aliambiwa, "Ni uzee."

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walipanga ngazi za kupima uchakavu wa kiungo kwa picha ya eksirei. Ngazi hizo zinatumika hadi leo. Lakini picha ina udhaifu wake: yuko mtu ambaye picha yake inatisha naye anatembea vizuri, na yuko ambaye picha yake ni nzuri naye halali usiku kwa maumivu. Kwa hiyo, mama, ukiambiwa picha inaonyesha goti limeisha, usikate tamaa. Picha haiwezi kuona misuli yako ina nguvu kiasi gani.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 upasuaji wa kuweka goti bandia ulianza kufanikiwa. Umewasaidia watu wengi ambao goti lao liliharibika kabisa. Lakini kati ya kidonge na kisu palibaki pengo kubwa. Mgonjwa alimeza dawa na kusubiri goti liharibike vya kutosha lipasuliwe.

Utafiti unaanza kujibu

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1992. Katika hospitali moja ya mifupa mjini New York, wagonjwa 102 wenye gegedu ya goti iliyochakaa waligawanywa. Kundi moja lilifundishwa na kutembezwa kwa usimamizi kwa wiki nane. Lingine liliendelea na matibabu ya kawaida. Waliotembea waliweza kwenda mbali zaidi kuliko mwanzo, na maumivu yao yalipungua. Goti halikuvunjika kwa kutembezwa, kama wengi walivyohofu.

Mwaka 1997 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa zaidi huko Marekani. Watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifuatiliwa kwa miezi 18. Wengine walitembea, wengine walifanya mazoezi ya kuinua uzito, na wengine walipewa mafunzo ya afya tu. Makundi yote mawili ya mazoezi yaliumwa kidogo na kufanya kazi zao vizuri kuliko kundi la mafunzo peke yake. Nafuu yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa ya kiasi, lakini ya kweli.

Uzito nao ulichunguzwa. Wanawake wa mji wa Framingham, Marekani, waliopunguza kiasi cha kilo 5 walipunguza kwa nusu hatari ya kupata ugonjwa huu wa goti. Hayo yalichapishwa mwaka 1992. Na mwaka 2005 watafiti walipima wakaona kwamba kila kilo moja unayoipunguza mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Hesabu hatua za siku moja kutoka nyumbani hadi sokoni, utaelewa kilo mbili tu zina maana gani.

Wakati huo huo, baadhi ya mambo yaliyoaminiwa yalipimwa yakaonekana hayana uzito. Mwaka 2002, huko Houston, wagonjwa 180 waligawanywa: wengine walisafishwa goti kwa kamera na mrija, wengine walipasuliwa ngozi tu na kushonwa bila kufanyiwa lolote ndani. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti kati yao. Na mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani ulilinganisha sindano ya goti na fiziotherapia. Baada ya mwaka mmoja, waliofanyiwa fiziotherapia walikuwa na nafuu zaidi.

Je, basi upasuaji ni kazi bure? La, nisiwapotoshe. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walieleza habari za wagonjwa 100 waliofaa kuwekewa goti bandia. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, mafunzo na ushauri wa chakula. Nusu walipewa hayo bila upasuaji. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, lakini pia walipata madhara makubwa mara nyingi zaidi. Na wale 50 ambao hawakupasuliwa nao walipata nafuu, na baada ya mwaka mmoja ni 13 tu waliokuwa wameamua kufanyiwa upasuaji. Fundisho ni kwamba mazoezi yaje kwanza, na upasuaji ubaki kwa anayeuhitaji kweli.

Leo miongozo ya nchi nyingi huweka mambo matatu mbele kwa goti la namna hii: mafunzo, mazoezi, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mkubwa. Dawa husaidia hayo matatu, haziyaondoi. Mwezi Mei 2023, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba utengamao uimarishwe katika huduma za afya. Hapa kwetu Kenya tuna wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali za kaunti, na tangu mwaka 2014 kuna sheria inayosimamia taaluma yao. Lakini wagonjwa wetu wengi hupitia dukani kwanza. Hununua vidonge vya maumivu vya shilingi chache, wakameza mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo zikizidi huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Msizitumie muda mrefu bila kuonana na mhudumu wa afya.

Tufanye nini nyumbani?

Historia hii yote inatufikisha kwenye kiti cha nyanya pale nyumbani. Anza na haya.

Kwanza, kubana paja. Nyanya akae au alale akiwa amenyoosha mguu, aweke leso iliyokunjwa chini ya goti. Aibonyeze leso kwa goti, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, asubuhi na jioni.

Pili, kuketi na kusimama. Atumie kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Asimame polepole, aketi polepole. Mwanzoni ajishike kwa mikono. Siku zikienda, apunguze kujishika. Mara tano zinatosha kuanzia.

Tatu, kutembea kila siku mahali tambarare, hata kama ni kuzunguka uwanja wa nyumba. Aongeze kidogo kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, bakora. Ishikwe kwa mkono wa upande wa pili: goti la kulia likiuma, bakora mkono wa kushoto. Wengi hushika kinyume.

Tano, choo. Kuchuchumaa ni mateso kwa goti hili. Fundi anaweza kutoboa kiti imara katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo, na mti wa kushikilia ukawekwa pembeni. Ni kazi ya siku moja, na humrudishia mzee heshima yake.

Je, akisikia maumivu wakati wa mazoezi? Maumivu madogo si hatari, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Yakizidi, apunguze idadi, lakini asiache. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kuanguka aulize kwanza kituoni.

Lakini goti likivimba ghafla na kuwa la moto, au likiambatana na homa, au likishindwa kukanyaga baada ya kuanguka, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi mnaowatunza wazee, nina neno. Unapomwambia mama mkwe, "Keti tu mama, usijisumbue," unasema kwa upendo. Najua. Mimi nilisema hivyo hivyo. Lakini mwachie achambue mboga akiwa amesimama kidogo, aende mwenyewe kuwaita kuku, asindikize wageni hadi langoni. Mpunguzie mzigo wa mtungi, lakini msimpokonye miguu yake.

Na yule shosho? Nilimwomba msamaha, nikampeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Wiki ya kwanza aliweza kubana paja tu. Baada ya miezi mitatu hivi alikwenda chooni peke yake na bakora, na akarudi kunywa maji kama kawaida. Goti lake bado humuuma siku za kazi nyingi, na sikumwahidi kwamba litapona kabisa. Lakini kilima cha kanisa alikipanda tena, akipumzika mara mbili njiani.



[Muziki wa kipindi]

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwa nini madaktari wa zamani walishauri kiungo kipumzishwe? Ushauri huo ulimfaa mgonjwa gani, na haukumfaa nani?
2. Ni kazi gani za nyumbani tumewanyima wazee wetu kwa kuwahurumia?
3. Choo cha kwenu kinaweza kurekebishwaje ili mwenye goti bovu akitumie peke yake?
4. Ni dalili zipi za goti zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo?